Lipani ni udongo na mavi ya punda, sio plasta na gundi

Ndugu Mhariri,

Salamu nyingi kwako na wenzako hapo ofisini. Mimi ni fundi lipu, mwaka wa 24 huu nashika mwiko, na gazeti lenu huwa nalisoma saiti wakati wa chai, hata kama ni la juzi lililofungiwa vitumbua. Sasa Jumamosi iliyopita saidia fundi wangu kaja nalo mbio, fundi ona, mambo yako yale ya India yametoka gazetini. Nikalisoma nimesimama na kusema kweli chai ilipoa.

Kwenye ukurasa wenu wa nyumba mmeandika habari ya lipani, mapambo ya ukutani yenye vioo vidogo vidogo, yale maduara meupe ambayo siku hizi yamejaa kwenye maduka ya mapambo na kwenye simu za akina dada. Mmesema ni sanaa mpya kutoka India, kwamba mtu anajifunza kwa masaa matatu tu, na kwamba inatengenezwa kwa plasta ya Paris, gundi na ubao. Basi. Ndo yote mliyosema, yaliyobaki ni bei. Hapo kwenye upya na kwenye plasta ndo niliponywea mate, maana kwanza sio mpya, ni ya bibi na bibi yake, pili ni udongo, na tatu hayo masaa matatu mimi fundi mzima nilikaa chini siku tisa kwa mama mmoja na siku nne za mwanzo hakuniruhusu hata kugusa kioo. Kwa hiyo naomba nafasi kidogo, najua barua huwa mnazikata lakini hii naomba msiikate sana, na pale nilipoandika mavi msiniwekee "kinyesi", mavi ni kifaa cha kazi hapa.

Ilikuwa hivi. Kaka yangu alikwenda Ahmedabad kufanyiwa operesheni ya moyo, tukaenda mimi na shemeji kumuuguza. Operesheni namshukuru Mungu ilienda salama, ila daktari akasema msiondoke mpaka chekapu, wiki tatu. Sasa fundi lipu ukimfungia gesti wiki tatu anafanya nini, anakagua kuta. Nimekagua kuta za ile gesti mpaka najua wapi fundi alichoka, wapi alikwenda kula. Pale koridoni kulikuwa na duara la udongo limetundikwa, kubwa kama sinia la pilau, jeupe, lina michirizi iliyonyanyuka kama kamba na katikati ya michirizi vioo, vingine duara, vingine pembetatu, na taa ya koridoni ilivyokuwa hafifu lile duara lilikuwa linawaka lenyewe. Nikamuuliza mwenye gesti, akasema Kutch, watu wa kwetu Kutch ndo wanafanya, wanaita lippan kaam. Lippan, yaani kupaka udongo ukutani, kaam ni kazi. Nikacheka nikamwambia mimi kwetu naitwa fundi lipu. Akacheka na yeye. Halafu kumbe hata niru, ile ya kulainisha ukuta juu ya lipu, mafundi wao nao wanaiita hivyohivyo, niru. Miaka yote hiyo naongea maneno ya watu na sijui, kama vile tunavyosema gari na laki na chapati tukadhani yalizaliwa Kariakoo.

Shemeji akasema nenda, hapa unatuchosha na kuta zako. Nikapanda treni ya usiku, kilomita zaidi ya 300 kuelekea magharibi, asubuhi nipo Bhuj, mji mkuu wa mkoa wa Kutch. Januari, baridi inang'ata, mimi na koti la kuazima. Na nchi kavu jamani, miiba, ngamia, vumbi, ukienda kaskazini zaidi unafika jangwa la chumvi lenyewe, Rann, jeupe mpaka macho yanauma.

Sasa sikia maajabu. Nipo kwenye kibanda cha chai nampigia mke wangu simu, naongea Kiswahili changu kwa sauti kama tunavyoongea sisi, mara mzee mmoja wa Kihindi mvi tupu anageuka ananiambia, "Fundi, wewe natoka Tanganyika?" Nikadondosha biskuti. Kumbe mzee kakulia Mwanza, baba yake alikuwa na duka, wakarudi kwao miaka hiyo ya nyuma. Akaniambia vijiji vinavyozunguka Bhuj vimejaa watu wa namna yake, wa Nairobi, wa Mombasa, wa Kampala, wazee ambao mpaka leo wakitaka wajukuu wasielewe wanasemezana Kiswahili. Na kweli ukifikiri sio ajabu, bandari ya Mandvi iko kama kilomita 60 tu kusini ya Bhuj, majahazi yalikuwa yanatoka pale na upepo wa kaskazi yanakuja Zanzibar na Mombasa, na mpaka leo pale mtoni Mandvi wanaunda majahazi ya mbao, nimeyaona. Jairam Shivji aliyeshika forodha ya Zanzibar enzi za Seyyid Said alikuwa mtu wa Kutch. Tharia Topan aliyeanza kujenga lile jengo la zahanati ya zamani pale Mizingani lenye roshani za nakshi, ambalo kila mtalii lazima alipige picha, naye wa Kutch, kazaliwa Lakhpat. Kwa hiyo mnaposema "kutoka India" mnasema kweli lakini ni kama kusema kanga inatoka Afrika. Ni mkoa, na ni mkoa tunaofahamiana nao kuliko mnavyodhani.

Huyo mzee ndo aliyekuwa mkalimani wangu. Mimi namwita Mzee, yeye ananiita Fundi, tukakodi bajaji mpaka kijiji kimoja upande wa Banni, huko kwenye mbuga za malisho karibu na mpaka wa Pakistani. Mgeni haingii hivihivi, unaonyesha pasi, unaandikwa, unapewa kibali. Tukapita Bhirandiyara, wanauza maziwa ya nyati yaliyochemshwa na sukari mpaka yakawa donge, mzee akanunua mfuko mzima akala njiani yeye na dereva, mi nikaonja tu maana utamu ulizidi.

Nyumba zao zinaitwa bhunga. Duara, ukuta wa udongo mnene, paa la nyasi lenye ncha kama msonge wetu. Kwa nje unaona rangi na michoro, unasema sawa. Ingia ndani sasa. Mlango mdogo, madirisha madogo, nje jua kali la jangwani halafu ndani unategemea giza, na hakuna giza. Ukuta mzima, kichanja cha mitungi ya maji, ghala la nafaka la udongo, mpaka rafu za vyombo, vyote vimefinyangwa kwa michirizi na kujazwa vioo, na mwanga kidogo tu unaoingia mlangoni unarushwa kioo hadi kioo mpaka nyuma kabisa. Usiku wanawasha kitaa kimoja na nyumba inakuwa kama mbingu. Mzee akaniambia vioo vyenyewe wanaita abhla, na ni vilevile wanavyoshonea kwenye nguo zao. Mimi nimefunga jipsamu kwenye nyumba za mamilioni hapa mjini, na taa za kila rangi, sijaona dari inayofanya ile kazi.

Na wanaofanya ni wanawake. Wanaume wananyanyua ukuta na paa, lipu na nakshi ni ya mama na binti zake. Mama yule mwenye nyumba, mzee alimwita Ben, yaani dada, mimi nikamwita Ma kwa sababu ananizidi umri, yeye ni wa jamii ya Wameghwal. Kuna jamii kadhaa wanaofanya hii kazi na kila mmoja ana mkono wake. Warabari, hao wafuga ngamia, utaona wanafinyanga ngamia, tausi, tembo, mti wa embe, mama anasukasuka maziwa. Wamutwa ni Waislamu, wao hawaweki mtu wala mnyama ukutani, ni mistari na maumbo tu, pembe kwa pembe, na ukiniuliza mimi ndo wenye mkono mwembamba kuliko wote, sijui kwa nini naona hivyo, labda kwa sababu nimezoea kuangalia zidaka za nyumba za zamani za Lamu ambako nako hakuna kiumbe, ni chokaa na kisu na subira. Haya yote gazeti lenu limeyafupisha kwa neno moja, "Wahindi".

Mama aliponiona kwa kweli alicheka. Mwanaume, mweusi, mrefu, eti anataka kujifunza kusiriba. Mzee akamwambia huyu ni fundi kwao, analipwa kwa kazi hii. Akauliza, wanaume wa kwao wanapaka kuta, je wanawake wanafanya nini? Nikakosa jibu. Baadaye usiku ndo likaja jibu, kwamba bibi yangu Kongwa ndiye aliyekuwa akikandika na kusiriba tembe yetu, na mama yangu baada yake, na mimi nilivyokuja mjini nikaona lipu imekuwa kazi ya kiume siku ilipoanza kulipwa. Sijawahi kuliwaza hilo maishani mwangu.

Siku ya kwanza mpaka ya nne, udongo. Udongo wanachota kwenye madimbwi na sakafu ya ziwa lililokauka, ule mlaini unaoachwa na maji, wanaponda, wanachekecha kwa chekeche ya matundu madogo hata mimi mchanga wa niru siuchekechi hivyo. Halafu mavi. Ya punda au ya ngamia ndo mazuri, yanakaushwa, yanapondwa, yanachekechwa nayo. Nikauliza ndoo ngapi kwa ndoo ngapi. Mzee akatafsiri, mama akaniangalia kama nimeuliza chumvi ya mboga inapimwa na rula. Akachukua konzi ya huku, konzi ya huku, sawa kwa sawa, maji kidogo, akakanda, akafinya donge na kuliachia lidondoke kwenye jiwe. Likipasuka vipande halijafika, likitandaa kama uji maji yamezidi, likikaa na kubonyea upande mmoja tu, hapo. Akanipa na mimi nifanye. Nimefanya ile siku nzima, na yeye akipita anabonyeza donge langu kwa dole gumba anaendelea na safari yake bila kusema kitu. Siku nzima!

Kwa nini mavi, naomba niwaeleze wasomaji wenu maana kuna dada mmoja aliniambia ni ushamba. Udongo mtupu ukikauka unasinyaa, ukisinyaa unapasuka, hiyo kila fundi anajua. Ndani ya mavi kuna nyuzi za majani, na zile nyuzi ndo nondo za huo udongo, zinaushika kila upande usiachane. Punda hacheui, kwa hiyo anachotoa bado kina nyuzi ndefu, ng'ombe anatafuna mara mbili mpaka kinalainika. Wengine wanaongeza makapi ya uwele kwa sababu hiyohiyo. Na uwele ndo chakula chao, mkate mnene wa uwele na mtindi mwepesi kila siku mchana, mimi Mgogo nikala nikalamba vidole, nikamwambia mzee waambie huu unga kwetu ni ugali, wakabisha.

Siku ya tano nikaruhusiwa kamba. Unachukua donge, unalisokota katikati ya viganja mpaka linakuwa uzi, mwembamba kuliko penseli, unalowesha ukuta kwa maji, unalaza uzi, unaubana kwa vidole viwili ushike na usimame kama ukingo. Mama anafanya bila kuchora kitu, hana kalamu, hana bikari, anaanzia katikati na duara linatoka duara. Mimi zangu zikawa zinakatika. Sokota, katika. Sokota, katika. Nikaona aibu. Ndo mama akashika mikono yangu akaigeuza akaangalia viganja, akamwambia mzee kitu, mzee akacheka sana halafu akanitafsiria, "Nasema mikono yako mekufa." Simenti, mhariri. Miaka 24 ya simenti imekula ngozi, viganja vimekuwa kama msasa, vinanyonya maji yote ya udongo kabla uzi haujaisha. Akaniletea mafuta, nikapaka jioni na asubuhi, na kuanzia siku ya saba nyuzi zikaanza kutoka. Sikuwahi kufikiria kwamba kuna kazi ya lipu ambayo mimi nisingeweza kuajiriwa.

Kioo ndo cha mwisho. Na hapa ndo kwenye ugomvi wangu na makala yenu. Kioo kinakandamizwa kwenye udongo ukiwa bado mbichi, halafu ule ukingo wa uzi unasogezwa ufunike mdomo wa kioo kidogo tu, kidogo sana, ili ukikauka na kusinyaa ukibane. Kile kusinyaa ambacho kwetu ni adui, pale kinafanywa mfanyakazi. Kioo kinamezwa, hakigundishwi. Ukielewa hilo umeelewa kazi nzima, na ndo maana ukifundishwa kwa gundi hujafundishwa lipani, umefundishwa kugundisha. Mwisho unapaka juu udongo mweupe wa chumvichumvi unaotoka huko kwenye jangwa, unafuta vioo kwa kitambaa, basi. Wengine wa zamani hawatii rangi nyingine kabisa, weupe kwa weupe.

Nilimuuliza mzee kuhusu tetemeko maana nilishaona Bhuj majengo mengi mapya. Tarehe 26 Januari 2001, saa tatu kasoro asubuhi, siku ya sikukuu yao ya Jamhuri, watoto wako kwenye gwaride. Kipimo cha 7.7, walikufa zaidi ya watu 13,000 na wengine wanasema kama 20,000, mzee mwenyewe alipoteza ndugu sitawataja. Majengo ya mawe na ya zege yaliyojengwa ovyo yalilala chini, na bhunga nyingi zilibaki zimesimama. Mduara hauna kona, na nyufa hupenda kona, muulize fundi yeyote. Sisemi tukajenge msonge Sinza, nasema tu kwamba wale waliokuwa wanaonekana washamba nyumba zao ndo zilizowalinda.

Sasa nirudi nyumbani, maana mnaweza kusema huyu kaenda India basi anajidai. Nilirudi nikajaribu ukuta wangu wa sebuleni, Mbagala. Nikafyeka lipu ya simenti nzima mpaka tofali, mke wangu amenuna wiki mbili, kwa sababu udongo haushiki vizuri kwenye simenti laini, unakauka kivyake na kubanduka. Udongo nikachimba bondeni, mweupe wa juu nikachukua ule wa Pugu. Mavi nikapata kwa jirani Chanika anayefuga ng'ombe wa maziwa. Nikapiga kazi, nikapiga picha, nikasambaza kwenye magrupu. Usiku wa nne nipo kitandani nasikia tik. Kimya. Tik. Kioo kinaanguka. Asubuhi sakafuni kuna vioo 31 na ukuta una nyufa kama ramani ya mito.

Nimeumiza kichwa wiki nzima. Mwisho nikampigia mama yangu Kongwa, nikamwambia mama kuta zenu mlikuwa mnasiriba na mavi gani. Kimya kwenye simu. "Yaani baba umenipigia simu toka Dar kuniuliza mavi?" Alipomaliza kucheka akauliza huyo ng'ombe anakula nini. Nikasema pumba na mashudu. Akasema basi hayo sio mavi ni uji, ng'ombe awe wa kuchunga, anayekula majani makavu, na ukishachanganya usipake siku hiyo, uache ulale, usiku mmoja au miwili, uchachuke. Akakata simu kuwasimulia wenzake. Mhariri, mama yangu hajawahi kusikia neno Kutch, na kanirekebishia kosa ambalo mama wa Kutch angenirekebishia, kwa maneno yaleyale karibu. Nikatumiwa kiroba cha mavi ya punda kwa basi toka Dodoma, konda akataka nilipie kama mzigo wa dagaa kwa ajili ya harufu, wakati mavi makavu ya punda hayanuki, dagaa ndo inanuka. Tukabishana pale stendi mpaka abiria wakaingilia. Ukuta wa pili umeshika, una mwaka na nusu. Masika ya kwanza ulitoka ukungu kidogo pembeni karibu na dirisha, Dar sio jangwani, unyevu wetu ni mwingine, nikapaka chokaa hapo ikaisha.

Sio kwamba napinga ubao na gundi. Naomba nieleweke hapo. Hata kule kule Kutch siku hizi wanatengeneza kwenye mbao za emdiefu na kuchanganya gundi nyeupe ya seremala kwenye udongo, kwa sababu mtalii anayekwenda kwenye sikukuu ya Rann hawezi kubeba ukuta kwenye ndege, na wale akina mama wanasomeshea watoto. Mama mwenyewe alikuwa na rundo la hizo bao mlangoni, ananionyesha kwa kidole, hii ya kuuza, halafu anaonyesha ukuta, hii ya nyumba. Anajua tofauti na haimkerei. Kinachonikera mimi ni mafunzo yanayouzwa hapa mjini kana kwamba ile ya kuuza ndo yote. Mtoto wa dada yangu alilipa elfu 80 mahali fulani sitapataja, wakapewa ubao uliochorwa tayari, koni ya udongo wa kununua kama ile ya kupakia hina, na vioo vya stika. Nikamuuliza wamekwambia inatoka wapi, akasema India. Nani wanafanya, akasema Wahindi. Udongo wenyewe unachanganywaje, akasema anko udongo unakuja kwenye pakiti. Mkono wake mzuri kweli, ana mkono wa hina, mistari haitetemeki, ningempeleka kwa yule mama angemzidi mtu kama mimi kwa siku mbili. Lakini hajui kwamba kioo kinamezwa.

Na sisi hatujaanza jana kupachika kitu kinachong'aa kwenye chokaa. Nendeni magofu ya Kunduchi muone makaburi yalivyopachikwa mabakuli ya Kichina, watu walifanya hivyo karne na karne kabla ya hayo maduka ya mapambo. Mwandishi wenu ana safari ya daladala moja na bodaboda tu.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Mkiandika tena, andikeni kwamba kazi hii ni ya wanawake wa Kutch, muwataje Warabari, Wameghwal, Wamutwa, kama mnavyotaja jina la kampuni inayouza zile bao. Andikeni kwamba ni udongo. Na kama mnataka picha nzuri, mtumeni mpiga picha wenu Kongwa kiangazi akamkute mama yangu na wenzake kabla hawajaacha, maana mabinti wote sasa wanataka simenti na mimi ndo niliyewapigia hiyo simenti, siwezi kuwalaumu. Mimi mwenyewe nimeshafundisha vijana wawili wa saiti, saidia fundi wangu mmojawapo, jioni baada ya kazi, bila malipo, wanaleta mafuta yao ya kupaka mikono. Wiki ya kwanza hawagusi kioo.

Sahihisho la ile plasta ya Paris naomba liwekwe palepale lilipotokea kosa, sio nyuma kwenye matangazo ya vifo. Ilikuwa ukurasa wa 14, safu ya kulia, chini ya tangazo la magodoro.

Wenu,
Fundi Lipu,
Mbagala, Dar es Salaam